Bima ya Gari la Viti Viwili

Gari la kaka yangu lilifika Musoma kwa meli kutoka Kisumu, limefungwa kamba kama ng'ombe mkali, katikati ya magunia na mapipa ya mafuta. Winchi ya gatini ililiinua, likaning'inia juu ya maji likizunguka polepole, na watu waliokuja kupokea jamaa zao wakaacha kupokeana wakatazama juu. Lilikuwa gari la mbio, rangi ya kijani iliyokolea, fupi, limelala chini, paa lake la turubai. Lilipotua, mchukuzi mmoja alilizunguka, akachungulia ndani, akaona viti viwili tu.

"Na wengine wanakaaga wapi?" akaniuliza.

Nikamsaidia kufungua kamba. Nilikuwa nimemaliza chuo kikuu Dar es Salaam na kurudi nyumbani kungoja kupangiwa kazi, na katika miezi ile nilikuwa na maswali mengi kuliko majibu. Nilihoji Azimio la Arusha na nilihoji waliolipinga. Nilihoji mahubiri ya Jumapili na matambiko ya shangazi zangu. Baba alizoea. Alinisikiliza kama mtu anavyosikiliza mvua juu ya bati, akijua itaacha.

Kaka aliondoka muda mfupi baada ya Uhuru kwenda Uingereza kusomea uhandisi. Alisoma akamaliza, akapata kazi, akakaa. Mama aliugua, akafa, tukamzika, kaka hakuja. Alituma salamu za rambirambi na picha yake akiwa amevaa koti zito. Kisha ikaja barua nyingine: amenunua gari, amelitanguliza, naye anafuata. Tulikatie bima na tulilinde vizuri.

Baba hakujua kusoma. Nilimsomea barua ile, akaniambia nirudie pale kwenye "nami nafuata." Nikarudia. Akasema, "Basi. Mtu hawezi kutanguliza mali yake halafu yeye asije."

"Kwa nini hawezi?" nikauliza.

Akaichukua barua, akaikunja. Lakini tangu siku ile, mtu akiuliza habari za mwanawe wa Ulaya, baba hakusema tena "hajambo." Alisema, "Anakuja. Gari lake limeshafika."

Fundi mmoja wa Kiabakari, aliyefanyaga kazi kwenye mgodi wa dhahabu kabla haujafungwa, ndiye aliyeliendesha kutoka Musoma hadi kwetu, kijiji kilicho kwenye njia ya Butiama. Mimi nilikaa kiti cha pili. Tumbo la gari lilikwaruza kila tuta, na kila lilipokwaruza fundi alitoa mluzi wa uchungu kana kwamba ni mgongo wake. Tulipofika tuliliingiza zizini, kwa sababu ndiyo sehemu pekee ya boma letu iliyokuwa na ua wa miiba na lango la kufunga. Ndama walilinusa, wakalilamba vumbi.

Balozi wa nyumba kumi alifika kabla injini haijapoa. Alikuwa mtu mpole aliyependa kazi yake kupita kiasi. Alilitazama gari kwa muda mrefu, mikono nyuma.

"Mzee, hili ni la watu wawili?"

"Ndiyo, wawili."

"Sasa wa tatu akija?"

"Atangoja," baba akasema.

"Hapo ndipo penye matatizo. Serikali inasema tukae pamoja, tulime pamoja. Kijana wako analeta gari ambalo hata familia yake haienei. Na hii njia wakubwa wanapitaga kwenda Butiama. Wakiliona watauliza balozi wa hapa ni nani."

"Lifunike na majani," baba akaniambia, na balozi akaridhika.

Nikaenda Musoma kutafuta bima. Wakala alikuwa na chumba karibu na soko, meza moja, feni isiyozunguka. Alikuwa mtu wa makamo mwenye tai, mcheshi, na aliniuliza maswali kwa mfululizo kama daktari.

"Mwenye gari yuko wapi?"

"Uingereza."

"Anayeliendesha?"

"Hakuna."

"Linalala wapi?"

"Zizini."

Akaweka kalamu chini. "Bwana mdogo, chuo kikuu walikufundisha kulaza gari la mbio na ndama?"

Nikamuuliza bima hasa inauza nini, maana nilikuwa naona mtu anatoa fedha na kuondoka na karatasi. Hakukasirika. Alisema anauza nafasi ya kuanza tena. Nikamuuliza, na wote mliowakatia wakiibiwa usiku mmoja? Akacheka.

"Hawawezi. Mmoja yuko Tarime, mwingine Bukoba, mwingine Lindi. Hatari tunaitawanya. Kama wote wangekuwa kijijini kwenu, hata mimi ningelala macho wazi."

Kisha akanitajia masharti ya bima kubwa. Gari lilale ndani ya banda la tofali lenye kufuli. Awepo mlinzi. Namba ya chesisi na ya injini zikaguliwe, na yeye mwenyewe aje alione gari kwa macho yake likiwa zima. Nilipokuwa natoka akaongeza, kwa wema tu, "Na wakati mnajenga banda, kila jioni toeni rota kwenye injini, wekeni mfukoni. Kidude kidogo tu. Mwizi atawasha mpaka alie."

Jioni ile nilimweleza baba yote. Banda la tofali alilipokea bila neno. Lakini nilipofika kwenye kutawanya hatari na kwenye ile rota, aliacha kunywa uji wake.

"Kumbe nao wanajua," akasema.

Ni lazima nieleze hapa kwamba baba hakuwa na ng'ombe wote nyumbani. Hakuna mtu mwenye akili kwetu aliyewaweka wote nyumbani. Baadhi walikuwa kwa rafiki yake wa Nyamuswa, wengine kwa mtu wa Bunda aliyekuwa mkulima wa pamba na mzee wa kanisa, wengine kwa jamaa wa mbali zaidi. Wezi wakija usiku, au ugonjwa ukishuka, hauwezi kumaliza zizi lote la mtu ambaye zizi lake liko sehemu nyingi. Anayekutunzia anakunywa maziwa, anapata ndama kwa wakati wake, na ng'ombe wako anabaki wako. Kuna sharti moja: anayetunza hatoi mnyama kwa mtu aliyetumwa. Mwenye ng'ombe anakuja mwenyewe, anakula, anaulizwa habari za nyumbani, ndipo anapewa.

Yote haya niliyajua tangu utotoni. Sikuwaza kwamba yangehusu gari.

Niliondoka tena kwenda Musoma kushughulikia mifuko ya saruji, ambayo wakati ule ilikuwa ya kuombwa ofisi hii na ile. Niliporudi, zizi lilikuwa na ganda la gari limekaa juu ya mawe. Halikuwa na magurudumu. Halikuwa na viti. Usukani ulikuwa umetoka na kuacha chuma kilichosimama peke yake kama shina lililokatwa. Chini ya boneti palikuwa na mashimo. Ndama mmoja alikuwa amelala pale kilipokuwa kiti cha dereva.

"Baba, gari liko wapi?"

"Lipo," akasema. "Viti viko Nyamuswa. Usukani uko Bunda. Betri na vile vidude vya injini viko kwa fundi Kiabakari. Magurudumu nimempelekea mjomba wako Rukuba. Kuna maji pande zote, nani atakwenda kuyaiba?"

"Wakala alisema rota! Rota peke yake!"

"Rota ni kidogo. Aliogopa kukwambia yote."

Nilisema maneno mengi siku ile. Nilisema gari si kundi la ng'ombe, gari ni kitu kimoja, likigawanywa halipo. Baba alinisubiri nimalize. "Na kundi likigawanywa lipo?" akauliza. Nikasema ndiyo, maana kila ng'ombe ni ng'ombe kamili. Akaniangalia kwa huruma kidogo, akaenda kufunga lango.

Wakala alikuja kukagua siku aliyoahidi, kwenye gari la kuomba lifti, viatu vyake vimejaa vumbi jekundu. Nilikuwa nimeshindwa kumpelekea habari mapema. Alisimama langoni mwa zizi, akalitazama lile ganda, akamtazama baba, akanitazama mimi.

"Mzee, shikamoo. Nimekuja kukatia bima gari. Naona mbavu."

"Marahaba. Limelindwa," baba akasema. "Umeona mahali pengine gari ambalo haliwezi kuibiwa kabisa?"

Wakala alicheka mpaka akatoa kitambaa kufuta macho. Akasema kweli, hajaona. Lakini hawezi kuandika bima ya gari lililoko wilaya nzima. Tulimpa kiti, akaletewa maziwa, na akiwa anakunywa baba akamuuliza jambo ambalo nadhani alikuwa amelibeba siku nyingi.

"Ninyi mnalipa gari likiibiwa."

"Ndiyo, mzee."

"Likiungua."

"Tunalipa."

"Na mwenye gari akipotea?"

"Hiyo ni bima nyingine, mzee. Bima ya maisha. Mtu akifa, tunawalipa aliowaacha."

"Sikusema kufa. Nasema kupotea. Yuko hai, anakula, anafanya kazi, lakini amepotea."

Wakala aliweka bilauri chini taratibu. Kicheko kilikuwa kimekwisha. "Hiyo hatuna, mzee," akasema. "Hiyo hakuna mtu anayo."

Baba akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeulizia dawa dukani akaambiwa imekwisha.

Hapo ndipo nilipoanza kuelewa alichokuwa anakilinda, na nikiri kwamba sikukiamini. Niliona ni hila ya mtu mwenye hofu. Kaka alikuwa mtu mzima katika nchi yake mpya. Ungewezaje kumfunga kwa magurudumu yaliyoko Rukuba?

Mvua zikapita, pamba ikavunwa. Barua ya kaka ilipofika, haikuzungumzia kufuata. Aliandika kwamba kazi imembana, kwamba bei ya gari kama lile Nairobi ni nzuri, kwamba nilipakie kwenye meli lirudi Kisumu, yuko mtu atakayelipokea. Nilimsomea baba kama ilivyo. Hakuniambia nirudie popote.

"Basi nenda ukalikusanye," akasema.

Nikaenda. Nyamuswa, yule rafiki wa baba alinikaribisha vizuri sana. Kiti kimoja cha gari kilikuwa sebuleni, na mkewe amekikalia akichambua mboga. Nikaeleza shida yangu.

"Kiti kipo," mzee akasema. "Kaka yako aje."

"Amenituma mimi. Barua hii hapa."

"Mimi barua naijuaje? Ng'ombe wa baba yako nimewatunza tangu hujazaliwa, hajawahi kutuma karatasi. Kula kwanza."

Bunda nilikuta usukani umetundikwa ukutani juu ya kitanda, mbali na watoto. Yule mzee wa kanisa aliniombea safari njema, akaniruhusu niushike, kisha akautundika tena. Hata fundi wa Kiabakari, aliyejua gari ni nini, alikataa. "Mzee alinikabidhi mbele ya watu," akasema. "Unataka nikose uso wa kuwatazama?" Nilirudi nyumbani mikono mitupu, nimekasirika, na nilimkuta baba amekaa nje. Hakuniuliza nimepata nini.

"Ulijua watakataa," nikasema.

"Nilijua."

"Kama unataka kumuuliza kaka kama atarudi, nitamwandikia. Atajibu."

"Atajibu, na utanisomea wewe," baba akasema. "Nitasikia sauti yako. Nataka kusikia yake."

Niliandika. Nikamweleza kaka kwamba gari lake halitoki mpaka aje. Nilidhani ataliacha. Labda ni bei nzuri ya Nairobi iliyomleta, labda ni jambo jingine. Sikumuuliza na sasa sitaweza kujua. Alikuja.

Alishuka kwenye basi akiwa na sanduku dogo, na kwa udogo wa lile sanduku nikajua hakuja kukaa. Alikuwa amenenepa, amekuwa mpole, na Kiswahili chake kilikuwa kinatafuta njia. Alikwenda kwanza kaburini kwa mama, akakaa huko peke yake. Alipoliona gari alisimama pale wakala aliposimama, nikadhani atafoka. Akasema tu, "Ni baba mwenyewe huyu."

Tulizunguka pamoja, kwa basi, kwa lori la pamba, kwa miguu. Nilikuwa nimejiandaa kuona aibu kwa niaba ya watu wetu, lakini mambo hayakwenda nilivyodhani. Nyamuswa walimchinjia. Yule mama aliyekuwa akikikalia kiti alikipangusa kwa kanga yake, akasema, "Nimekiwekea joto, mwanangu, usije ukakikuta baridi kama ya kwenu huko," na watu wakaangua kicheko, kaka akacheka nao. Kisha mzee akamwambia habari za msiba wa mama: nani alikuja, nani alilia, nani alichimba. Kaka alizisikia kwa mara ya kwanza, ameshika bakuli la mchuzi lililopoa. Bunda ikawa vilevile. Kiabakari vilevile. Kila nyumba ilimpa kipande cha gari na kipande cha yale yaliyotokea bila yeye.

Rukuba tulivuka kwa mtumbwi wa wavuvi. Mjomba, kaka wa mama, alikuwa akianika dagaa. Hakusimama haraka. Alimtazama kaka tangu anashuka majini hadi anamfikia.

"Una uso wa mama yako," akasema. "Kwa nini uliupeleka mbali hivyo?"

Walikaa juu ya magurudumu, mmoja hapa mwingine pale, na mimi nikatembea ufukweni hadi walipomaliza kuzungumza.

Fundi aliliunganisha gari zizini, majirani wakiwa wamezunguka ua. Balozi naye alikuwepo, akitoa amri ambazo hakuna aliyezifuata. Injini ilikataa, ikakohoa, ikakubali, na ndama wakakimbilia kona. Kaka alipokaa kwenye usukani, baba akafungua mlango wa kushoto, akainama kwa shida, akaingia. Hakuwa amewahi kulikalia hata mara moja.

"Nitamsindikiza," akasema.

Mimi niliwafuata kwa basi. Nilipofika gatini Musoma walikuwa wameshafika, na wakala alikuwa akilizunguka gari akisoma namba ya chesisi kwa sauti, mwenye furaha kama mtu aliyeona mfu amefufuka. Aliandika bima ya safari kutoka Musoma mpaka Kisumu na kumpa kaka nakala yake. Tangu gari lile lije kwetu halikuwahi kuwa na bima hata ya siku moja. Lilipata siku ya kuondoka.

Wachukuzi walikuwa wakipitisha kamba chini ya tumbo la gari. Baba alimgeukia kaka. Hakusogea pembeni, hakushusha sauti.

"Utarudi?"

Nilitaka kaka aseme ndiyo. Mimi niliyehoji kila kitu, nilitamani pale gatini mtu aseme uongo, na nilitamani niuamini. Kaka alitazama winchi, akatazama maji, kisha akamtazama baba.

"Sitarudi, baba. Nina mke huko. Kuna mtoto anakuja. Sitarudi."

Ilikuwa mara ya kwanza kusema jambo hilo, kwa kinywa au kwa kalamu. Baba alimshika mkono, akaushikilia mpaka king'ora cha meli kilipolia. Gari lilipanda juu likizunguka. Kaka akapanda ngazi nyuma yake.

Tulirudi kwa basi. Nilitaka kumuuliza baba amepata nini kwa hila zake zote, maana niliona amepoteza gari na mwana siku moja. Nilitaka pia kumuuliza kama si afadhali angeachwa na lile neno "nafuata" mpaka mwisho wa maisha yake, kama wazee wengine wengi wa kwetu wenye watoto mbali. Yeye alianza.

"Ulimsikia?"

"Nilimsikia."

"Haya." Tulipokaribia Kiabakari akaniambia tushuke hapo, tusipitilize kwenda nyumbani. Nikauliza kwa nini.

"Walimtunzia. Lazima waambiwe."

Tulikwenda kwa fundi jioni ile, na siku zilizofuata tukaenda Bunda, kisha Nyamuswa, njia ileile niliyopita na kaka. Kwa mjomba wa Rukuba alisema ataenda peke yake. Nyamuswa rafiki yake alitupokea mlangoni kwa kicheko, akauliza swali ambalo baba alikuwa amelijibu kwa neno moja kwa muda wote ule.

"Kijana anarudi lini?"

"Harudi," baba akasema. "Ameniambia mwenyewe."

Yule mzee alimshika baba kiwiko, akamwingiza ndani, na mkewe akamwita binti yao aongeze maji kwenye sufuria.